Dawa ya Usingizi kwa Watoto: Usalama Huanza Kabla ya Mlango wa Chumba cha Upasuaji

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Kila siku watoto hupokelewa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyojengwa juu ya kilima jijini Mwanza na kufunguliwa mwaka 1971. Hutoka Mwanza, Mara, Kagera, Geita, Simiyu, Shinyanga na mikoa ya jirani. Wapo wanaokuja kufanyiwa upasuaji. Wapo pia wanaohitaji kipimo cha CT-Scan, kusafishwa vidonda vya moto, kunyooshwa mfupa uliovunjika au kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kwa ajili ya matibabu ya saratani. Wengi kati yao watahitaji dawa ya usingizi au dawa ya kutuliza, kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kuombwa alale kimya avumilie.

Mzazi anapoambiwa kuwa mwanawe "atapigwa nusu kaputi", kwa kawaida hofu yake yote huielekeza kwenye kisu cha daktari. Ukweli ni kwamba usingizi wenyewe ni tiba kamili, wenye hatari zake na kanuni zake, na sehemu kubwa ya kanuni hizo humhitaji mzazi. Makala haya yanaeleza namna huduma hiyo inavyofanya kazi na wajibu wa familia katika kuifanya iwe salama.

Kutuliza na kulaza

Huduma hii ina ngazi. Ganzi huondoa maumivu katika sehemu moja ya mwili huku mgonjwa akiwa macho. Dawa ya kutuliza humfanya mtoto asinzie na asisumbuke, lakini aendelee kupumua mwenyewe. Nusu kaputi humlaza kabisa, na mara nyingi mtaalamu ndiye anayesimamia upumuaji wake.

Mpaka kati ya ngazi hizi ni mwembamba. Kiasi kilekile cha dawa kinachomsinzisha mtoto mmoja chaweza kumzamisha mwingine katika usingizi mzito na kudhoofisha pumzi yake. Kwa sababu hiyo, dawa ya kutuliza inayotolewa nje ya chumba cha upasuaji, kwa kazi inayoonekana ndogo, inahitaji uangalifu uleule: oksijeni karibu, mashine ya kufyonza mate, kifaa cha kumsaidia mtoto kupumua chenye ukubwa unaolingana na uso wake, na mtu aliyefunzwa kukitumia.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo

Mwili wa mtoto mchanga hutumia oksijeni takribani mara mbili ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito, ilhali akiba yake ni ndogo. Pumzi ikikatika, muda wa kuokoa ni mfupi mno. Ulimi wake ni mkubwa kulingana na kinywa na njia yake ya hewa ni nyembamba, hivyo uvimbe au makohozi kidogo tu huweza kuiziba. Hupoteza joto haraka, na dozi yake hukokotolewa kwa uzito wa mwili. Ndiyo maana mizani ni kifaa cha usalama sawa na mashine yoyote ya gharama kubwa, na kukadiria uzito kwa macho ni hatari.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia zaidi ya watoto 8,600 waliofanyiwa upasuaji katika nchi 31 za Afrika, ulibaini kuwa takribani watoto 18 kati ya kila 100 walipata matatizo baada ya upasuaji, na zaidi ya 2 kati ya kila 100 walifariki. Vifo hivyo havikutokana vyote na dawa ya usingizi. Maambukizi na kuchelewa kufika hospitalini vina nafasi kubwa. Hata hivyo, takwimu hizo zinaonesha kuwa muda wote wa matibabu ya upasuaji, kabla na baada ya kisu, unahitaji kuangaliwa kwa jicho moja.

Mtu mmoja, kazi moja

Msingi wa kwanza wa usalama ni kuwapo kwa mtaalamu ambaye kazi yake pekee ni kumwangalia mtoto aliyelala: rangi ya midomo, kupanda na kushuka kwa kifua, mapigo ya moyo. Anayefanya upasuaji au kipimo hawezi kubeba jukumu hilo kwa wakati uleule.

Kifaa kinachomsaidia zaidi ni kipimaoksijeni, kile kibanio kidogo kinachowekwa kwenye kidole au unyayo wa mtoto, ambacho hulia kiwango cha oksijeni kinaposhuka kabla jicho halijaona mabadiliko. Pamoja nacho ipo orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, inayoitaka timu isimame mara tatu: kabla ya kumlaza mgonjwa, kabla ya kuchana ngozi na kabla ya kutoka chumbani. Mzazi anayeulizwa jina la mtoto na sehemu ya kutibiwa kwa mara ya tatu asione anasumbuliwa. Kurudia huko ndiko kunakozuia makosa.

Mwaka 2018 Tanzania ilizindua mpango wa kitaifa wa huduma za upasuaji, uzazi na usingizi, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kufanya hivyo. Aidha, kambi za madaktari bingwa zinazopelekwa katika hospitali za halmashauri tangu mwaka 2024 zimejumuisha mabingwa wa usingizi na ganzi, ili ujuzi huo usibaki katika hospitali za rufaa pekee.

Selimundu: jambo lisilopaswa kufichwa

Kanda ya Ziwa ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Utafiti uliofanyika Bugando kwa kutumia sampuli za damu za watoto wachanga kutoka kaskazini-magharibi mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulionesha kuwa takribani mtoto 1 kati ya 5 alikuwa amebeba kinasaba cha selimundu, na takribani 12 kati ya kila 1,000 walikuwa na ugonjwa wenyewe.

Kwa mtoto mwenye selimundu, upungufu wa oksijeni, baridi na ukosefu wa maji mwilini huweza kuzifanya chembe nyekundu za damu zipinde na kuziba mishipa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoweza kumpata mtoto yeyote wakati wa upasuaji. Timu ikijua mapema, humpima damu, humwongezea maji, humkinga na baridi na hupanga namna ya kutuliza maumivu. Isipojua, mtoto huingia hatarini bila kinga. Mzazi aseme wazi iwapo mtoto ana selimundu, au iwapo katika familia yupo mwenye ugonjwa huo.

Vivyo hivyo aeleze mafua au kikohozi cha wiki mbili zilizopita, pumu, mzio, kukoroma usiku, dawa zozote anazotumia zikiwamo za asili, na iwapo yupo ndugu aliyewahi kudhurika kwa dawa ya usingizi. Kuahirishwa kwa upasuaji kwa sababu ya kikohozi si kumkataa mgonjwa, ni kumlinda.

Uji ni chakula

Mtoto aliyelala hupoteza uwezo wa kuzuia chakula kisipande kutoka tumboni na kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo hutakiwa kufunga, na kanuni inayotumika sana ni hii:

- Chakula, uji, maziwa ya ng'ombe au ya kopo: saa 6 kabla.
- Maziwa ya mama: saa 4 kabla.
- Maji au chai ya rangi isiyo na maziwa: saa 2 kabla.

Kosa linalotokea kwa urahisi ni kudhani kuwa uji mwepesi ni kinywaji. Uji ni chakula, na juisi nzito ya embe haihesabiwi kuwa maji. Kosa la upande wa pili ni kumfungisha mtoto tangu jioni hadi mchana wa siku ya pili. Kufunga kupita kiasi hushusha sukari, hukausha mwili na, kwa mwenye selimundu, huongeza hatari.

Kwa familia zinazotoka Ukerewe, Ukara na visiwa vingine, saa hizi hukutana na ratiba ya kivuko. Ni vyema kufika Mwanza siku moja kabla inapowezekana, na kuuliza saa kamili ya mlo wa mwisho badala ya kukisia. Wanaotoka Sengerema na Geita wamepunguziwa mashaka hayo na Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Endapo mtoto amekula njiani, mzazi aseme. Kusubiri saa chache ni nafuu kuliko chakula kuingia kwenye mapafu.

Baada ya kuamka

Mtoto asiruhusiwe kuondoka mpaka ameamka vizuri, anapumua bila kukwama na anaweza kunywa. Aanze na maji kidogo kidogo. Aliye bado na usingizi asifungwe mbelekoni wala kupakiwa bodaboda kichwa kikining'inia, kwani kidevu kikiangukia kifuani huweza kuziba njia ya hewa. Nyumbani, alale kwa ubavu na awepo mtu wa kumwangalia. Akiwa mgumu kuamshwa, akipumua kwa kelele, akitapika mfululizo au midomo ikibadilika rangi, arudishwe kituoni mara moja.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kuweka saini ya ridhaa: Nani atamwangalia mwanangu akiwa amelala? Amepimwa uzito leo? Kipimaoksijeni kipo? Ataamkia wapi, na nitaitwa lini? Maswali hayo hayamvunjii mtaalamu heshima, na majibu yake humsaidia mzazi kumkabidhi mtoto akiwa anajua kinachofuata.