RNA Ndogo: Nani Humwambia Fundi "Hapo Basi"?

Mimi ni mtu wa uhandisi, si wa baiolojia, kwa hiyo leo mtanivumilia nikieleza mambo ya seli kwa lugha ya saiti. Naamini hata wenzetu wa uchumi na sheria hawataachwa nyuma.

Tuanze na fumbo. Seli karibu zote za mwili wako zina DNA ile ile. Ya ini ni hiyo hiyo, ya jicho ni hiyo hiyo. Sasa inakuwaje moja ikawa ini na nyingine jicho? Na mtoto anapokua, seli zinajuaje kwamba kazi ya jana imekwisha, ianze ya leo?

Chukulia DNA ni michoro ya jengo zima, imefungiwa ofisini, yaani kwenye kiini cha seli. Mchoro halisi hautoki. Kinachopelekwa saiti ni fotokopi, nayo ndiyo RNA mjumbe. Mafundi wanaisoma, wanatengeneza protini. Mpaka hapo ni mambo ya sekondari. Lakini kila aliyewahi kusimamia ujenzi anajua kwamba kumwanzisha fundi si kazi. Kazi ni kumsimamisha kwa wakati. Fotokopi za msingi zikibaki mikononi mwa mafundi, wataendelea kuchimba tu!

Jibu lilitoka kwa mnyoo mdogo wa udongoni aitwaye C. elegans, mwenye urefu wa milimita 1 hivi. Anatoka kwenye yai hadi utu uzima kwa siku 3 tu, akipitia hatua 4 za utoto. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja na maabara yake huko Marekani, walikuwa wakichunguza jeni mbili za mnyoo huyu, lin-4 na lin-14. Protini ya lin-14 inahitajika katika hatua ya kwanza ya utoto, kisha lazima ipungue. Lin-4 ndiyo inayoipunguza. Ajabu ni kwamba lin-4 haitengenezi protini yoyote. Inatoa kipande cha RNA chenye herufi 22 hivi, basi! Walipolinganisha matokeo yao, kumbe herufi hizo zinaoana na za mkiani mwa RNA mjumbe ya lin-14, kama meno ya zipu.

Inafanyaje kazi? Kwanza seli hutengeneza RNA ndefu iliyojikunja kama kibanio cha nywele. Kimeng'enya kiitwacho Dicer hukata kile kibanio kikabaki kipande kifupi. Kipande hicho hubebwa na protini iitwayo Argonaute, kikatafuta fotokopi inayooana nacho na kuinata. Fotokopi hiyo haisomeki vizuri tena, na mara nyingi huharibiwa. Ndiye msimamizi anayepita saiti akikusanya michoro ya jana.

Mnyoo asiye na lin-4 hurudia kazi za hatua ya kwanza tena na tena. Hapati hata tundu la kutagia, mayai yanaanguliwa tumboni mwake. Msingi unachimbwa kila siku, ukuta haupandi.

Kwa miaka 7 wengi walidhani hayo ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaeleza RNA ndogo nyingine, let-7, inayomvusha mnyoo kuingia utu uzima. Safari hii herufi zile zile zilikutwa kwa nzi, kwa samaki, na kwa binadamu. Leo tunajua tunazo RNA ndogo za aina hii kwa mamia. Panya akinyimwa Dicer, hufa akiwa bado kiinitete. Na watoto waliozaliwa na hitilafu katika jeni ya Dicer wamo hatarini kupata uvimbe adimu wa saratani ya mapafu wakiwa wadogo sana. Seli isiyoambiwa "hapo basi" si mchezo, jamani.

Ambros na Ruvkun walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Kabla yao, mwaka 2006, walipewa Andrew Fire na Craig Mello walioonyesha, kwa mnyoo huyo huyo, kwamba RNA ya nyuzi mbili hunyamazisha jeni. Kutokana na elimu hiyo, mwaka 2018 Marekani iliidhinisha patisiran, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva.

Nayasema haya kwa sababu wengi wetu huulizwa na ndugu nyumbani: "Umekwenda kote huko kusoma minyoo?" Swali ni la haki, maana wametuchangia nauli. Tusilikwepe, wala tusiwajibu kwa kiburi. Tuwaeleze taratibu kwamba mnyoo amewaonyesha madaktari mlango ambao hakuna aliyejua kama upo. Nasi tuliomo maabara tuvute subira, kwani hata lin-4 ilisubiri miaka 7 ndipo watu wakageuka kuitazama.