Fahamu: Mwanamume anapofanyiwa ukatili wa kingono

Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, wakikimbia mauaji ya kimbari, ndani ya siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikageuka mji wa maturubai. Baadaye wakimbizi wa Burundi nao walijaa kambi ya Lukole. Makambini, maswali kuhusu ubakaji, kwa haki kabisa, yalielekezwa kwa wanawake. Wanaume ni nadra kuulizwa.

Lakini wapo wanaume pia walioumizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu mashariki mwa Kongo ulikuta karibu mwanamume mmoja kati ya wanne amewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Mtu wa namna hiyo akifika zahanati husema mgongo unamuuma, au hapati choo vizuri. Anakaa upande upande kwenye benchi. Mhudumu asipouliza kwa upole, ataondoka na panadol.

Sheria nayo inambana. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamtambua mwanamke au msichana tu kama mtendewa wa ubakaji. Mwanamume aliyelawitiwa anaangukia kifungu cha 154, ambacho humshtaki pia aliyeridhia. Ndiyo maana wengi wanaogopa kufungua mdomo, hasa mhamiaji asiye na kibali. Kenya na Kongo zilibadili sheria zao mwaka 2006, zikamtambua mwanamume pia.

Aliyetendewa awahi hospitali: dawa za kuzuia VVU huanza kutumika ndani ya saa 72. Fomu ya matibabu ya PF3 hutolewa polisi, na Dawati la Jinsia lililoko huko ni lake pia.