Somo la Leo: Taa ya Injini Inapowaka na Kuzimika

Leo tutazungumza juu ya gari la petroli.

Umepakia abiria Ujiji, unakwenda stesheni ya reli Kigoma. Ulipofika Mwanga gari likaanza kutetemeka, nguvu zikapungua, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika. Je, uendelee? La!

Taa hiyo ikiwaka moja kwa moja, mwone fundi mapema. Lakini ikiwaka na kuzimika, silinda haichomi petroli sawasawa. Petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya masega, yaani kile chombo cha ekzosi kinachosafisha moshi. Masega hupata moto mno, yakaharibika. Nauli ya safari moja hailipi masega mapya.

Basi, punguza mwendo, simama mahali pa salama, zima injini. Watafutie abiria gari jingine, kisha mwite fundi. Mashine yake ikisoma P0302, kasoro iko silinda ya 2. Injini ikipoa, abadilishane koili ya silinda hiyo na ya jirani. Kasoro ikihama, koili ni mbovu. Isipohama, atazame plagi, kisha nozeli.

Sasa mweleze mwenzako: kwa nini dereva asiendelee mpaka stesheni?