Kasuku wa kusema "karibu", na pa kumtundika

Vijana wangu, juzi nilivuka kutoka Chokocho kwenda Kisiwa Panza kutazama banda jipya la kuku wa mayai. Kuku mia mbili, wachangamfu, maranda makavu, hesabu za mayai zimeandikwa vizuri kwenye daftari. Nikafurahi. Kumbe mwenyewe ana kitu kinachompendeza kuliko kuku: katundika tundu ndani ya banda, juu kidogo ya vyombo vya maji, na ndani yake kasuku mdogo wa kijani. Kamnunua Dar, kaja naye kwa boti hadi Mkoani.

"Bwana shamba," akaniambia, "nataka mteja akija kununua mayai, huyu amwambie 'karibu'. Nimfundishe vipi?"

Nikamwambia nitamfundisha, lakini tundu lile litoke bandani sasa hivi. Sababu nitaifikia.

Kasuku wake ni wa ile jamii ndogo ya asili ya Australia, ambayo watu wameizalisha vizimbani kwa miaka mingi. Msimdharau kwa udogo. Mmoja wa jamii hii, jina lake Puck, wa California, aliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kujua maneno 1,728! Dume ndiye msemaji zaidi. Akishakomaa, ile ngozi ya juu ya mdomo, penye matundu ya pua, huwa ya buluu. Ya jike huwa ya kahawia.

Kuna wazee wanaosema ndege hasemi mpaka akwanguliwe ulimi. Jamani, acheni. Ndege hatoi sauti kooni kama sisi. Anaitoa chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafuni. Ulimi anautumia kuitengeneza ile sauti. Ukiujeruhi, umemtesa na umemharibia kazi.

Anasema kwa sababu ni ndege wa kundi, na kundi huitana. Akiwa peke yake, kundi lake ni nyie. Ndiyo maana ukiweka wawili pamoja wataongea kikwao, wewe utabaki kupiga kelele bure. Chukua kinda aliyetoka kiotani karibuni, mpe siku za kuzoea nyumba na mkono wako, kisha neno moja tu, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, redio imezimwa. Sauti nyembamba za watoto na kina mama huwa anazishika upesi. Wengine huchukua wiki kadhaa, wengine miezi, na wapo wasiosema maisha yao yote.

Ila kurudia neno peke yake hakutoshi kama unataka aliseme mahali pake. Hapa tumuige mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani, aliyemnunua kasuku wa kijivu mwaka 1977 akamwita Alex, akakaa naye hadi ndege alipokufa mwaka 2007. Alikuwa akiweka watu wawili mbele ya ndege: mmoja anauliza, wa pili anajibu na kupewa tuzo, ndege anatazama na kuona wivu. Kwetu mchezo huo upo tayari. Mtoto mmoja atoke nje apige hodi. Wa ndani ajibu "karibu!", apewe kipande cha papai. Kasuku naye akijaribu, hata kama kakosea, apewe chake papo hapo. Parachichi msimpe kabisa, linaua. Na kama maji ya kisima yana chumvi, mkingieni ya mvua.

Sasa lile tundu. Kasuku anaweza kubeba virusi vya mdondo huku mwenyewe anaonekana mzima. Mwaka 1971 mdondo uliingia California pamoja na ndege wa kufugwa walioagizwa kutoka nje, wakiwemo kasuku. Kabla haujazimwa, karibu kuku milioni 12 walikuwa wameangamizwa. Wewe una mia mbili na mkopo juu yake. Ndege mgeni akae mbali na banda mwezi mzima, mhudumie baada ya kuku, si kabla, nawa mikono na ubadilishe viatu. Hata baada ya huo mwezi, makazi yake yawe barazani. Chanjo ya kuku isikupite. Ile ya I-2 ni tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu. Kinyesi chake kikikauka kisifagiliwe kikavu, kinyunyizie maji kwanza, maana vumbi lake linaweza kumpa hata mtu homa na kikohozi kibaya cha mapafu.

Akaniuliza tena: je, wale kasuku wetu wa porini hapa Pemba, wa kijani wenye kichwa cha kahawia, si wa bure? Aibe makinda kwenye shimo la mti, auze? Nikamwambia hapana. Wale ni wasemaji dhaifu, makinda hufa ovyo mikononi mwa watu, na Zanzibar ina sheria ya misitu na wanyamapori, Namba 10 ya mwaka 1996. Nyie wa Panza mmewatunza popo wa Pemba hadi wageni wanavuka bahari kuja kuwatazama, kasuku wamekosa nini?

Jana kanipigia simu. Tundu liko barazani, kuku wazima. Kasuku kaanza kusema, lakini kashika neno la mtoto wa nje: siku nzima anapiga "hodi", na mama wa nyumba kila mara anainuka kwenda mlangoni.