Mzio Ulioandikwa Zamani: Je, Bado Upo?

Kutoka Makambako, kwenye njia panda ya barabara za Iringa, Mbeya na Songea, hadi mjini Njombe ni mwendo wa kilomita zipatazo 60. Kwa mgonjwa aliyepangiwa kuonana na daktari, safari hiyo huanza alfajiri katika baridi kali ya nyanda za juu. Akifika hupanga foleni ya kadi, kisha ya daktari, kisha ya maabara, na mwisho ya dirisha la dawa. Mazungumzo yenyewe na daktari huweza kwisha kwa dakika chache. Daktari hufungua daftari, husoma maneno matatu yaliyoandikwa miaka mingi iliyopita, "mzio wa penisilini", naye huandika dawa nyingine. Mgonjwa hurudi nyumbani na tarehe mpya, ilhali maneno yale ya zamani hayakuulizwa.

Si haki kumlaumu daktari peke yake. Mwenye foleni ndefu mlangoni hawezi kupuuza onyo lililoandikwa. Lakini onyo hilo lilitoka wapi? Aghalabu lilianzia utotoni. Mtoto alishikwa na homa, akapewa dawa, na siku ya tatu akatokwa na vipele. Huenda vipele hivyo vililetwa na virusi vya ugonjwa wenyewe, wala si dawa. Mwingine alitapika au kuharisha; hayo ni maudhi ya kawaida ya dawa, si mzio. Tangu hapo mama akawa anasema, "Mwanangu hapatani na penisilini," na mtoto akakua na usemi huo mpaka naye akawa mzazi.

Wataalamu wamebaini kwamba katika kila watu 10 wanaosemekana kuwa na mzio huu, yapata 9 wakipimwa vizuri huonekana kuwa wanaweza kuitumia dawa hiyo salama. Hata wale waliokuwa nao kweli, wapatao 8 kati ya 10 huwa umekwisha kuwatoka baada ya miaka 10.

Je, kuna ubaya gani kutumia dawa nyingine? Ubaya upo. Kwa mama mjamzito mwenye kaswende, penisilini ndiyo dawa pekee inayotegemewa kumtibu yeye pamoja na mtoto aliye tumboni. Asipotibiwa, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa na ugonjwa. Kijana ambaye moyo wake umeathiriwa na homa ya baridi yabisi naye huhitaji sindano hiyo kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi.

Walakini, mtu asithubutu kujijaribu nyumbani. Mzio wa kweli upo, nao huua. Aliyevimba uso au ulimi, aliyebanwa pumzi au kuzirai mara baada ya kupewa dawa, na aliyebabuka ngozi na kutoka malengelenge mdomoni, asiiguse mpaka daktari bingwa aamue. Kipimo ni kazi ya hospitali yenye dawa ya adrenalini na watu wa kumwangalia mgonjwa, na hakipatikani katika kila hospitali.

Lililo katika uwezo wetu ni kujiandaa kabla ya kupanda basi. Tuandike katika daftari: ilikuwa dawa gani? Mgonjwa alikuwa na umri gani? Alipatwa na nini hasa, na baada ya muda gani? Alitibiwaje? Je, tangu hapo amewahi kutumia ampisilini au amoksilini, ambazo ni za ukoo mmoja na penisilini, asidhurike? Tuwaulize wazee wetu wangali hai, maana wao ndio mashahidi waliobaki.

Ukishaketi mbele ya daktari, usingoje kuulizwa. Mfungulie ukurasa huo kwanza, umwombe auchunguze upya mzio wako. Dakika chache zitatosha ikiwa habari yenyewe imekwisha kuandikwa.