Wasifu Mkiwa katika Shajara za Nasaba za Mtandaoni

Shajara za nasaba zinazojengwa kwa ushirikiano mtandaoni, kama ile ya WikiTree iliyoanza mwaka 2008, hukusudia mti mmoja ambamo kila mtu ana ukurasa mmoja, nao umeshikamana na kurasa za jamaa zake. Ukurasa usioshikamana na mti huo ndio unaoitwa hapa wasifu mkiwa. Istilahi hii inafaa kuliko “wasifu huru”, kwani mkiwa ni mtu aliyetengwa na jamaa zake, si mtu ambaye hakuwahi kuwa nao.

Wapo wanaouona wasifu wa namna hii kuwa ni kazi pungufu, yafaa uunganishwe upesi ama uondolewe. Rai hiyo ina hatari. Jacob Wainwright, kwa mfano, alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani na manowari ya Uingereza, akasomeshwa Nasik nchini India, na mwaka 1874 akausindikiza mwili wa David Livingstone hadi Uingereza. “Wainwright” si jina la babu yake, alipewa tu. Mtafiti mwenye pupa atamwingiza katika ukoo wa Kiingereza usiomhusu. Wasifu mkiwa hueleza yanayojulikana, hadi kifo chake Urambo mwaka 1892, na kuacha wazi nafasi ya wazazi. Uwazi huo nao ni ushahidi: unaonyesha mahali utumwa ulipokata nasaba.

Jina la “bin Abdallah” lina mtego zaidi. Kwa desturi ya Kiislamu, mtu asiyejulikana baba aliweza kuitwa hivyo, kwa maana ya mwana wa mja wa Mungu. Kimofolojia ni jina la ubini. Kimatumizi huenda lisitaje mzazi yeyote. (Sidi Mubarak Bombay naye alibeba jina la mji.)

Faida kubwa, hata hivyo, huja baadaye. Tuseme mtafiti mmoja ameandika wasifu wa mateka aliyefikishwa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875. Miaka mingi ikipita, mjukuu aliyerithi masimulizi ya ukoo hutafuta kwa jina, mahali na mwaka, akaukuta ukurasa huo. Kama ulifutwa, huanza upya, asijue kwamba upo ushahidi wa kuyapima masimulizi yake. Ndiyo maana wasifu mkiwa sharti utaje chanzo cha kila taarifa, tahajia zote za jina, na majina ya wale waliookolewa pamoja naye, hata kama hakuna udugu uliothibitishwa baina yao.