Ukungu wa Bafuni na Baridi ya Julai

Ifikapo Julai, jua likajificha nyuma ya mawingu siku nyingi mfululizo na manyunyu ya asubuhi yakawa ndiyo ada ya Thika na Ruiru, ndipo wapangaji wengi huinua macho bafuni wakaona pembeni mwa dari madoa meusi ambayo Februari hayakuwapo, na aghalabu hukumu yao huwa moja: rangi ni mbovu, au fundi alikuwa laghai. Yawezekana, lakini ukungu hauhitaji fundi laghai ili uote. Mbegu zake, ndogo zisizoonekana kwa macho, zimo hewani daima, na chakula chake si haba: povu la sabuni lililogandia vigae, mafuta ya mwili, vumbi, hata gundi iliyomo katika rangi yenyewe. Kinachokosekana ni rutuba tu, na hiyo twaileta wenyewe kila alfajiri.

Hewa ya moto huchukua mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Basi mtu awashapo shawa ya umeme kabla ya kuwahi matatu ya Nairobi, mvuke hupanda, ukakutana na ukuta wa mawe uliopigwa na baridi usiku kucha katika mji ulio takriban mita 1,500 juu ya bahari, ukageuka kuwa matone. Na majumba mengi ya ghorofa yaliyojengwa kando ya barabara kuu ya Thika tangu upanuzi wake ukamilike mwaka 2012 yana bafu ambalo kidirisha chake hakitazami nje, bali chatazama kishimo cha hewa kilichobanwa baina ya kuta, ambamo mvuke wa ghorofa ya kwanza hupanda kumwamkia mkazi wa ghorofa ya tano.

Kabla ya kununua dawa, ni wajibu kujua maji yatokako. Kausha sehemu ya ukuta, ubandike kipande cha nailoni kwa utepe pande zote nne, ukiache siku mbili: umande ukionekana juu ya nailoni, rutuba ni ya hewa, ukionekana nyuma yake, maji yamo ukutani, huenda bomba lavuja, na hapo hapana dawa itakayofaa mpaka mwenye nyumba alete fundi wa mabomba.

Ukungu wa hewa huondolewa hivi: sugua kwanza kwa maji ya sabuni, kwani uchafu huila nguvu dawa, kisha changanya kikombe kimoja cha Jik na lita 4 za maji, upake, ungoje dakika kumi, usugue, usuuze, ukaushe. Vaa glavu, na dirisha liwe wazi. Haidhuru ukitumia siki badala yake, almuradi usivichanganye viwili hivi, wala usitie Jik pamoja na asidi ya kusafishia choo, kwa maana hutoka humo hewa ya klorini, ile ile iliyowaua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Na bafu la flati ni chumba kidogo mno kwa majaribio ya namna hiyo.

Lakini dawa huua ukungu uliopo tu. Anayeoga mwisho na apanguse kuta kwa kitambaa au mpira, aache dirisha wazi, wala asianike nguo bafuni, jambo ambalo mvua hutushawishi sote kulitenda.

Wazee wa Lamu walizipiga kuta zao lipu ya chokaa, ambayo kwa ukali wake huuchukiza ukungu, tena huuacha ukuta upumue. Atakaye kuwaiga Thika hana budi kukwangua rangi ya mafuta yote hadi kwenye lipu, kwani chokaa haishiki juu yake. Kisha airudie kila baada ya muda, kwa sababu ukali ule hupungua kadiri chokaa inavyovuta hewa.